Barua ya wazi kwa Baraza la Jiji: kuta mmezibakiza, watu wako wapi?

Kwa:
Mheshimiwa Meya,
Waheshimiwa Madiwani,
Ndugu Mkurugenzi wa Mipango Miji.

YAH: KUONDOLEWA KWA WAPANGAJI NA MAFUNDI KATIKA MITAA YA ZAMANI YA JIJI

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Nawaandikia hadharani kwa sababu faraghani nimeshaandika mara tatu. Barua ya kwanza niliileta kwa mkono wangu, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Ya pili nikaambiwa inashughulikiwa. Ya tatu, karani wa masijala, kijana mwenye adabu zake, aliitazama, kisha akanitazama mimi, akasema kwa sauti ya chini: "Mzee, faili lako limepanda juu." Tangu lipande halijashuka. Mniwie radhi basi ikiwa safari hii wengine wataisoma kabla yenu.

Nilikuwa mpangaji wa chumba na sebule, ghorofa ya pili, kwa miaka 31. Sikuja kulilia ukale. Jengo letu lilivuja. Ngazi zake ulizipanda umeshika ukuta, na bomba la majitaka lilipasuka kila mvua zikinyesha. Anayewasimulia uzuri wa mitaa ya zamani bila kulitaja bomba hilo, huyo hakuishi pale. Tuliliandikia barua bomba hilo kwa miaka. Lilikuja kuzibwa mwaka uleule tulioletewa notisi za kuhama. Waliovumilia harufu ni sisi. Waliofaidi ukarabati ni wengine. Kwa kweli ningeweza kuishia hapo, kwani malalamiko yangu yote ni tawi la hilo moja, ila najua mtataka maelezo.

Wala si jambo letu peke yetu. Mwaka 1964 mwanasosholojia Ruth Glass aliitazama London, katika maeneo kama Islington, akaona nyumba za wafanyakazi zikinunuliwa na wenye kipato kikubwa na kukarabatiwa. Akasema mwendo huo ukishaanza hausimami mpaka wenyeji wote au karibu wote wameondoka na tabia ya mtaa imegeuka. Akautungia neno la Kiingereza, "gentrification", kutokana na jina la mabwana wenye ardhi wa nchi ile. Sisi neno moja lililokubalika hatuna. Jirani yangu wa ghorofa ya tatu alilimaliza hivi: "Kodi ilipanda, sisi tukashuka."

Hoja zangu ni hizi.

1. Mnahifadhi sura ya mtaa, wenye mtaa mnawaacha waende

Chini ya ngazi zetu palikuwa na fundi kufuli. Kibanda chake hakikuzidi upana wa mlango. Nyuma yake kulikuwa na ubao uliojaa misumari, na kwenye kila msumari ufunguo wa akiba uliobandikwa kipande cha plasta chenye namba ya chumba. Wazazi walimwachia funguo ili watoto wakitoka shule wazikute. Mzee wa chumba cha mwisho alipoanguka ndani na mlango umekomewa, ni fundi huyo aliyepanda mbio, akafungua bila kuharibu hata skrubu moja, na malipo hakuyataka.

Mkataba wake haukuhuishwa. Jengo likakarabatiwa, na vizuri, sikatai: rangi ileile ya zamani, hata maua ya chuma ya roshani yamerudishwa. Mwezi uliopita nilipita pale. Chini ya ngazi pana mgahawa, na ule ubao umetundikwa ukutani, umemulikwa taa, misumari na funguo zake zote. Mteja mmoja alikuwa anajipiga picha nao. Nikasogea, nikasoma plasta moja baada ya nyingine. 2B bado ipo. Ule ni mlango wangu, ingawa kitasa najua kimeshabadilishwa.

Katika hesabu zenu jengo hilo limehifadhiwa. Ndivyo lilivyoandikwa kwenye kibao cha mlangoni.

Miji mingine imeangukia hapohapo. New York iliacha stesheni kubwa ya Pennsylvania, iliyofunguliwa 1910, ianze kubomolewa mwaka 1963. Kelele za watu zikaupatia mji sheria ya kulinda majengo ya kihistoria mwaka 1965. Sheria nzuri, lakini inalinda mawe na mbao, haimjui aliyelala ndani. Huko Spitalfields, London, kuna kuta za mbele za majengo ya kale zilizoachwa zimesimama kama barakoa, na nyuma yake pakainuliwa jengo jingine kabisa. Mpita njia anaona kale. Aingiaye ndani anakuta ofisi.

2. Pengo la thamani mnalifungua ninyi, kwa kalamu

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na ndiyo inayorukwa kila tukikutana nanyi.

Mwaka 1979 mwanajiografia Neil Smith alieleza kwa nini mitaa chakavu ya katikati ya miji hugeuka ghafla kuwa dhahabu. Alisema tazama vitu viwili: kodi ambayo kiwanja kinaingiza leo jinsi kilivyo, na kodi ambayo kingeweza kuingiza kama kingetumiwa kwa namna inayolipa zaidi. Kati ya viwili hivyo kuna pengo. Mwenye jengo akiona pengo linapanuka, hana haraka ya kukarabati. Paa livuje. Mpangaji akichoka aondoke mwenyewe, ni nafuu, hana fidia. Siku pengo likitosha, mnunuzi anatokea, na uchakavu uleule uliosababishwa na uzembe unageuzwa kuwa hoja ya kubomoa.

Sisi tuliokaa ndani tuliliona hilo kabla ya kulisikia kwa msomi. Miaka minne ya mwisho hakuna balbu iliyobadilishwa ngazini. Tulipouliza, dalali alijibu kwamba mwenye nyumba "anasubiri mpango." Mpango gani? Tulikuja kuujua siku mlipobandika tangazo kwamba mtaa wetu, uliokuwa wa ghorofa nne, sasa unaruhusiwa kumi na mbili, na kwamba matumizi ya makazi yanaweza kubadilishwa kuwa ya biashara. Wiki ile thamani ya kiwanja iliruka bila mtu kuweka tofali juu ya tofali. Utajiri huo aliutengeneza nani? Waheshimiwa, mliutengeneza ninyi kwa sahihi, mkampa mtu mmoja wote, na wapangaji wote wa jengo mkawaachia gharama za kuhama.

Siwatuhumu kula rushwa. Sina ushahidi huo na sisemi nisichokijua. Nasema kibali ni mali ya umma, na mlikitoa bure.

3. Notisi

Siku thelathini. Kwa mtu aliyekaa miaka 31, ni chini ya siku moja kwa kila mwaka. Sina la kuongeza.

4. Nyumba za watu zimegeuzwa vyumba vya wapita njia

Katika majengo matatu yanayopakana na letu, vyumba vya kupangishwa kwa mwaka vimegeuzwa vya kulala siku mbili tatu. Kwenye milango kuna visanduku vidogo vya namba za siri, na usiku unasikia magurudumu ya mabegi yakigonga ngazi. Wageni hawana kosa. Hata mimi nikisafiri hulala mahali. Lakini mgeni wa siku mbili hapeleki mtoto shule ya mtaa, haketi kwenye kamati ya maji, hajui kwamba mama wa chumba cha tano hajaonekana tangu juzi.

Venice inaonyesha mwisho wa njia hii. Mwaka 1951 katika mji wa kale wa visiwani waliishi watu wapatao 175,000. Mwaka 2022 idadi ilishuka chini ya 50,000. Tangu 2008 duka moja la dawa limeweka dirishani kihesabio kinachoonyesha wakazi waliobaki, na wenyeji hukitazama kama watu wanavyomtazama mgonjwa. Si wageni pekee waliowaondoa, kuna gharama za maisha, mafuriko, na kazi zilizohamia bara. Hata hivyo, kuta za Venice hazina upungufu wowote. Nyumba bado zimesimama.

Barcelona imeona ikaogopa: mwezi Juni 2024 meya wake, Jaume Collboni, alitangaza kwamba leseni za nyumba 10,101 za kulaza watalii hazitahuishwa, ili ifikapo Novemba 2028 ziwe zimerudi kuwa makazi. Alikiri kwamba katika miaka kumi kodi za pango mjini humo zilipanda kwa asilimia 68. Kama uamuzi huo utafaulu ni suala la kusubiri. Ila alikuwa na hesabu ya nyumba hizo mkononi. Sisi tulipowauliza mnazo ngapi, tuliambiwa hakuna daftari.

5. Aliyekuja jana analalamikiwa haraka kuliko aliyekuwapo

Nyuma ya mtaa wetu kuna karakana ya bati. Nyundo zake tulizisikia asubuhi miaka yote. Zilikuwa saa yetu. Ghorofa mpya ilipokamilika kando yake, wakazi wapya walilalamika kelele, na baada ya siku chache tu afisa wenu alifika na amri ya kufunga kabla ya saa tatu na baada ya saa kumi. Mafundi wawili wameshaondoka, kwa sababu saa saba za kazi hazilipi kodi ya eneo.

Sioni uovu kwa mtu kupenda kulala. Ila jimbo la Victoria nchini Australia, ambako ndiko Melbourne iliko, liliweka kanuni mwaka 2014 kwa ajili ya kumbi za muziki: anayeleta badiliko ndiye anayebeba gharama zake. Ukijenga nyumba karibu na ukumbi uliokuwapo, kuzuia sauti kwenye kuta na madirisha ni juu yako. Uingereza nayo iliiingiza kanuni hiyo katika mwongozo wake wa mipango mwaka 2018. Mwekezaji wa ghorofa ile angeweka vioo viwili badala ya kimoja, na karakana ingekuwapo mpaka leo.

6. Mikutano ya wadau

Iliitishwa saa nne asubuhi siku ya kazi, katika hoteli. Mnaelewa nani alifika.

Sasa najua mtakayojibu, kwani mengine nimeshajibiwa kwa mdomo.

Mtasema soko ndilo linaloamua kodi. Soko liliikuta Vienna, mji mkuu wa Austria, pia, ikiwa imetoka Vita Kuu ya Kwanza, maskini, watu wanalala kwa zamu kwenye kitanda kimoja. Kuanzia 1923 jiji lile lilitoza kodi maalumu ya nyumba, iliyowabana wenye nyumba za kifahari kuliko wengine, na hadi 1934 lilikuwa limejenga nyumba zaidi ya 60,000. Karl-Marx-Hof, jengo lenye urefu unaozidi kilomita moja, lilifunguliwa 1930 na watu wanaishi humo hadi sasa. Jiji bado linamiliki nyumba zipatazo 220,000. Ninyi miaka ya karibuni mmekuwa mkiuza viwanja vya jiji, na kila mara tangazo linasema ni "mali isiyotumika." Kimoja kati ya hivyo kilikuwa uwanja wa watoto.

Mtasema sheria za nchi haziwaruhusu kudhibiti kodi. Huenda ni kweli, na sitaki kuwadanganya wenzangu kwamba ni rahisi. Berlin iliweka kikomo cha kodi mwaka 2020, na Aprili 2021 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ikakifuta, kwa kuwa jambo hilo lilikuwa la serikali kuu na si la jimbo kama Berlin. Wapangaji wengi walidaiwa tofauti ya miezi iliyopita. Lakini Berlin ina chombo kingine ambacho mahakama haikukigusa: maeneo yaliyotangazwa kulindwa kwa ajili ya wakazi wake, ambamo mwenye jengo haruhusiwi kufanya ukarabati wa kifahari wala kuligeuza kuwa vyumba vya kuuzwa bila kibali cha mtaa. Hapo kinachotumika ni kibali. Na vibali, Waheshimiwa, ni kazi yenu ya kila Jumatatu.

Mtasema jiji lina upungufu wa nyumba, lisipojengwa kodi zitapanda zaidi. Hapa nawaunga mkono kwa mikono miwili. Jengeni. Anayezuia kila jengo jipya naye anasaidia kupandisha kodi, na baadhi ya wanaojiita watetezi wa mitaa ya kale wana nyumba zao tayari na mandhari yao ya kuilinda. Ila hesabuni vizuri: jengo letu lilikuwa na familia 14. Sasa lina mgahawa, ofisi mbili, na vyumba ambavyo usiku taa zake haziwaki. Kwa upungufu wa nyumba, tumepunguziwa 14.

Mtasema walioondoka walitafutiwa mahali pengine. Ndiyo, nje ya mji, mwisho wa barabara ya lami. Istanbul ilifanya hivyo kwa Waroma, jamii inayojulikana pia kama Wajipsi, wa mtaa wa Sulukule, mtaa wao wa karne nyingi: wakapewa nyumba Taşoluk, mbali nje ya mji, ambako hapakuwa na kazi ya muziki waliyoijua wala uwezo wa kulipa madeni ya nyumba hizo, na wengi wakarudi kupanga vyumba karibu na walikotoka. Mwaka 2012 mahakama iliufuta mradi ule. Nyumba mpya zilikuwa zimeshajengwa. Afrika Kusini mambo yamekwenda tofauti kidogo: Desemba 2024 Mahakama ya Katiba ilisema jiji la Cape Town lilikosea kikatiba kwa kutowapatia wakazi wa barabara ya Bromwell, eneo la Woodstock, makazi ya dharura karibu na katikati ya jiji. Neno lililobeba kesi ile ni "karibu." Mtu akihamishwa mbali na kazi yake, paa alilopewa halimlishi.

Basi ninayoomba, na ninayaandika ili msije mkasema tulilalamika tu:

Kwanza, kibali chochote cha kubomoa au kukarabati jengo lenye wapangaji kisitolewe mpaka orodha ya wapangaji hao iwe imeandikwa na kuambatanishwa, na haki yao ya kurudi kwa kodi inayokaribiana na ya awali iwe sharti la kibali. Mwekezaji akisema haimlipi, mpunguzieni ghorofa mlizomwongezea, muone kama hatarudi mezani.

Pili, mnapoongeza idadi ya ghorofa, sehemu ya thamani hiyo mpya irudi kwa jiji kwa ajili ya nyumba za kodi nafuu katika mtaa huohuo. Si katika kata nyingine. Mtaa huohuo.

Tatu, mafundi. San Francisco ina daftari la biashara za muda mrefu, zilizodumu miaka 30 na zaidi, na tangu wapigakura wapitishe mfuko wake mwaka 2015, mwenye jengo anayeipa biashara ya namna hiyo mkataba wa miaka kumi anaweza kupata ruzuku. Paris, kupitia kampuni yake ya umma, imekuwa ikinunua vyumba vya chini vya maduka na kuwapangisha wafanyabiashara wadogo ili mitaa isibaki ya aina moja ya duka. Anzeni na vibanda vya ngazini, havina gharama. Fundi kufuli wetu yu hai, anafanya kazi barazani kwa mwanawe, mwendo wa saa moja na nusu kutoka hapa, na funguo za watu wa kule bado hazijui.

Nne, daftari la vyumba vinavyolaza wageni wa muda mfupi, liwe wazi kwa yeyote kulisoma, na kila mtaa uwe na kikomo.

Tano, kanuni ya kelele niliyoieleza. Hii inaweza kupita katika kikao kimoja.

Sita, notisi isipungue mwaka mmoja kwa mpangaji aliyekaa miaka zaidi ya kumi, na mikutano ya wadau iitishwe jioni, mtaani penyewe, hata kama ni kwenye ua wa shule.

Naomba majibu ya maandishi ndani ya siku thelathini, muda uleule tuliopewa sisi kufungasha vitu vyetu. Naomba pia suala hili liwe ajenda ya kikao cha wazi cha Baraza, na mimi au mwenzangu yeyote wa jengo lile turuhusiwe kusema kwa dakika kumi. Watano tumeshakubaliana kuja. Wengine wanne bado tunawatafuta walikohamia.

Angalizo kwa karani wa masijala: anwani iliyo kwenye barua zangu tatu za mwanzo isitumike tena. Namba ya simu ni ileile.

Wenu katika kuliendeleza jiji,

Mpangaji wa zamani,
Chumba 2B, ghorofa ya pili.

Nakala:
Wapangaji wenzangu, popote mlipo.
Fundi kufuli.